Trollope, mama yake, na mzee wa kahawa

Ukiwa mwajiriwa na unaandika riwaya pembeni, iko siku mtu atakutajia Anthony Trollope. Atakwambia yule Mwingereza alikuwa ofisa wa posta, kila siku yuko mezani saa kumi na moja na nusu alfajiri, saa yake iko mbele yake, anaandika maneno 250 kila robo saa mpaka saa mbili na nusu, ndipo anavaa, anakunywa chai na kwenda kazini. Riwaya 47! Halafu huyo mtu atakutazama akingoja uone aibu. Mimi nimetajiwa na watu wa kila aina, wa mwisho wao akiwa mhariri aliyetaka nimpe sehemu mbili za hadithi kwa wiki badala ya moja.

Mimi ni karani wa masjala katika ofisi ya umma hapa Morogoro, na naandika hadithi za mfululizo za magazetini. Tawasifu ya Trollope niliisoma kwenye simu, maana haki zake zilikwisha zamani na yeyote anaweza kuipata bure. Aliiandika mwaka 1875 na 1876, akamwachia mwanawe Henry aichapishe yeye akishakufa. Alikufa Desemba 1882, kitabu kikatoka mwaka uliofuata. Niliisoma nikiwa nimekaa kando ya kitanda cha mama mkwe wangu, ambaye kiharusi kilikuwa kimemchukua upande wa kulia. Nadhani ningeisoma mahali pengine ningetoka na mafunzo yaleyale wanayotoka nayo watu wote.

Wanaomtaja Trollope huanza na saa ya mezani. Mimi ningeanza na madeni. Baba yake alikuwa mwanasheria msomi mwenye hasira, wateja wakamkimbia. Akaingia kwenye kilimo bila kukijua, shamba likammaliza. Mtoto alisoma Harrow, shule ya watoto wa matajiri, akienda na kurudi kwa miguu kwenye njia za matope, na siku moja mwalimu mkuu alimsimamisha barabarani kumuuliza kama kweli shule yake inaaibishwa na mtoto mchafu namna hii. Mwaka 1834 baba alimwambia kijana ampeleke London kwa gari la farasi, na walipokwisha kuondoka ndipo akamwambia kwamba anakwenda kupanda meli ya Ostend, Ubelgiji, bila kusema kwa nini. Aliporudi nyumbani akakuta madalali wameshaingia, ndipo akaelewa kwamba baba amekimbia kufungwa kwa deni. Wadogo zake wa kike na mabinti wa jirani walikuwa wakipenyeza vyombo vya udongo, vitabu na vyombo vya fedha vya mama kwenye mwanya wa ua, kwenda kuvificha kwa huyo jirani.

Mwaka huohuo, akiwa na miaka 19, akaajiriwa karani makao makuu ya posta London, kwa pauni 90 kwa mwaka. Aliishi hapo miaka saba ya hovyo kabisa. Deni la fundi cherehani la pauni 12 liliangukia mikononi mwa mkopeshaji, na mpaka linaisha alikuwa ameshalipa zaidi ya pauni 200. Mkopeshaji mwenyewe alikuwa akija ofisini, anasimama nyuma ya kiti chake, anamnong'oneza kwa upole kwamba angependa awe analipa kwa wakati. Kila aliyewahi kuchukua mkopo wa kausha damu anamjua huyo mtu, ila wa kwetu siku hizi hutumia simu, na upole hana.

Katika miaka yote hiyo hakuandika riwaya hata moja. Alikuwa nayo kichwani tu. Anasema tangu utotoni alizoea kujitungia kisa akilini na kukiendeleza wiki hadi wiki, mwezi hadi mwezi, akijiwekea masharti kwamba lisiingie jambo lisilowezekana. Hapo niliweka simu chini kidogo. Kwa sababu najua wengi, na mimi mmoja wao, tuliokaa miaka na hadithi vichwani tukiwa kwenye foleni ya daladala au nyuma ya dirisha la ofisi, na tukaambiwa kwamba kuota si kuandika. Kwa Trollope ilikuwa mazoezi. Mikono ilipokuja kufunguka, hadithi ilikuwa imeshajua njia.

Mikono ilimfunguka Ireland. Mwaka 1841 aliomba nafasi ambayo wenzake hawakuitaka, akapelekwa Banagher. Mshahara kwenye karatasi ulikuwa pauni 100, lakini posho za safari zilimfikisha kwenye 400 kwa mwaka. Akanunua farasi, akaanza kuwinda, akalipa madeni, mwaka 1844 akamwoa Rose Heseltine. Mwalimu yeyote aliyewahi kupangiwa wilaya ya mbali akalia, kisha akakuta huko ndiko alikojengea, atamwelewa.

Fedha ya vitabu sasa. Riwaya ya kwanza, mwaka 1847, hakupata hata senti. Ya pili mwaka 1848 zilichapwa nakala 375, zikauzwa 140, na mchapishaji akamwandikia barua yenye hesabu ya hasara yake mpaka nusu peni. Ya tatu alilipwa pauni 20, ambazo mwenyewe anasema hakuzifanyia kazi, mchapishaji masikini alilazimika tu kuzitoa. Ya nne, *The Warden*, ilitoka mwaka 1855 na mwisho wa mwaka ikamletea hundi ya pauni 9, shilingi 8 na peni 8. Anaandika kwamba ukitazama muda alioutumia, angepata zaidi kwa kupasua mawe.

Nilicheka peke yangu mpaka mama mkwe akageuza shingo. Nimewaona akina mama wa Kunduchi, Dar es Salaam, wakipasua kokoto juani, mtoto kando chini ya kipande cha turubai. Nilichukua malipo ya gazeti kwa hadithi moja nikayagawa kwa muda niliokesha nayo. Sitasema kilichotoka, ila kokoto zilishinda.

Sasa, ile saa ya mezani. Watu huisimulia kama habari ya kuamka mapema, na hapo ndipo wanapowakosesha raha wenzao, kwa sababu nani nyumbani kwangu mwenye saa tatu mfululizo za alfajiri? Kuna mgonjwa wa kugeuzwa asipate vidonda, kuna uji, kuna sare za shule ambazo zilikuwa kavu jana jioni na leo hazionekani. Lakini ukimsoma mwenyewe utaona kipimo chake si zile saa tatu. Kipimo ni robo saa. Kila robo saa ina deni lake la maneno, na ikipita haikopeshi. Zaidi ya hapo alikuwa na kitabu cha kumbukumbu ambamo kila riwaya alijipangia idadi ya kurasa kwa wiki, kila ukurasa maneno 250: wastani kurasa 40, wiki mbaya 20, na iliwahi kufika 112. Wiki aliyokuwa mvivu, uvivu ulikaa pale kwenye karatasi ukimtazama.

Robo saa mimi ninayo. Ipo maji ya kuoga yanapochemka, ipo mgonjwa akishalala baada ya dawa, ipo ofisini kabla dirisha halijafunguliwa. Nilinunua daftari la kawaida la shule nikaanza kuandika kila robo saa na ilichozaa, na kwa kuwa mimi si Trollope nilijipangia maneno 100. Kilichonishangaza ni kwamba ubora haukubadilika. Sehemu nilizoziandika kwa vipande vya robo saa na zile nilizopata usiku mzima wa kimya, mhariri hakuzitofautisha, na nikizisoma leo mimi mwenyewe natafuta mshono siuoni. Ninachohitaji ni kujua, nikiinuka, sentensi ya kwanza ya robo saa ijayo. Trollope yeye alitumia nusu saa ya mwanzo kusoma ya jana yake. Nusu saa ya kusoma tu! Hapo tuliachana.

Tuliachana na kwingine pia. Baadhi ya vitabu vyake ni virefu kwa sababu mkataba ulitaka juzuu tatu, na msomaji anauona mkataba. Kuna nilivyoviacha njiani bila majuto. Lakini *The Last Chronicle of Barset* ya mwaka 1867 nilikimaliza nikiwa nimekasirika kwamba kimeisha. Kuna mchungaji masikini ndani yake, Josiah Crawley, msomi mwenye kiburi, anayetuhumiwa kuiba hundi ya pauni 20 na hawezi kukumbuka aliipata wapi. Anatembea maili nyingi kwenye matope na viatu vibovu kwenda kumjibu askofu. Wataalamu watasema yao. Mimi ndani ya Crawley namwona yule baba aliyekimbilia Ostend, ameandikwa na mwana ambaye hatimaye amemsamehe.

Jambo lililonikaa zaidi kuhusu ajira ni kwamba haikumwibia riwaya. Kuanzia mwaka 1851 alipewa kazi ya kupanga usambazaji wa barua vijijini, kusini magharibi mwa Uingereza na sehemu za Wales. Kwa karibu miaka miwili alipanda farasi kutoka mlango hadi mlango akipima kama tarishi anaweza kupita pale kwa miguu. Akaingia majumba ya mapadri, mashamba, vibanda. Jioni moja ya kiangazi, akizungukazunguka kanisa kuu la Salisbury, kikamjia kisa cha *The Warden*, na kutoka hapo mkoa mzima wa kubuni, Barsetshire, wenye riwaya sita. Yale masanduku ya barua ya barabarani ambayo Uingereza inajivunia, yeye ndiye aliyeyapendekeza, yakaanza kujaribiwa visiwa vya Channel mwaka 1852. Mwaka 1858 posta ilimtuma Misri kufunga makubaliano ya kupitisha barua za India kwa reli ya Suez. Melini bahari ilichafuka, akawa anaandika *Doctor Thorne*, anaacha karatasi mezani, anakimbia kutapika, anarudi. Aliimaliza hukohuko Misri na kesho yake akaanza nyingine. Kwenye treni aliandika kwa penseli juu ya kibao, na Rose akayanakili baadaye.

Na sisi tunaye mfano wetu wa karani. Shaaban Robert aliingia ukarani wa forodha mwaka 1926 na akaendelea kuwa mtumishi wa serikali sehemu kubwa ya maisha yake. Sijui kwa nini tunasimulia kana kwamba mwandishi halisi ni yule aliyeacha kazi.

Masjala ni shule. Barua za kuomba uhamisho, likizo za uzazi, malalamiko ya mpaka wa shamba yanayorithiwa na watoto, rambirambi zenye maneno yaleyale kwa marehemu wote. Sichukui jina la mtu wala kisa chake, hiyo ni amana na kazi yangu iko juu yake. Ninachochukua ni namna mtu anavyoandika anapomwogopa anayemwandikia: salamu ndefu, sababu ndefu zaidi, na ombi lenyewe limejikunyata kwenye mstari wa mwisho. Mazungumzo mengi katika hadithi zangu yana umbo hilo, na wasomaji huniambia wanawajua hao watu.

Lakini nilisema nilikuwa kando ya kitanda. Nilipofika kwenye ukurasa wa mzee wa kahawa, nilisimama.

Trollope alipohamia Waltham Cross mwaka 1859 alikuwa na mzee mtunza farasi, ambaye kazi yake ya ziada ilikuwa kumwamsha na kumletea kahawa. Alimlipa pauni 5 zaidi kwa mwaka kwa ajili hiyo. Katika miaka yote ya hapo, mzee hakuchelewa hata mara moja, na Trollope anakiri kwamba huenda anawiwa na mzee huyu kuliko mtu mwingine yeyote kwa mafanikio aliyoyapata. Ajabu, wanaonihubiria saa kumi na moja na nusu hawajawahi kumtaja. Yule mzee aliamka saa ngapi ili moto uwake na kahawa ichemke?

Kisha kuna mama yake, Frances. Hapa ndipo nilipompata mwalimu wangu, na si yule niliyetajiwa. Alikwenda Marekani mwaka 1827, akajaribu biashara Cincinnati, ikafa. Akarudi na kitabu kuhusu tabia za Wamarekani, kilichotoka mwaka 1832 akiwa na miaka zaidi ya hamsini. Wamarekani wakachukia, Waingereza wakanunua. Kuanzia hapo kalamu yake ndiyo iliyolisha nyumba. Saa kumi alfajiri yuko mezani, na kazi yake imeisha kabla nyumba haijaamka. Familia ilipokimbilia Bruges, hukohuko Ubelgiji, mwanawe Henry, kaka yake Anthony, alikuwa anakufa kwa kifua kikuu, mumewe naye anazorota, na binti yake Emily dalili zimeshaanza. Aliwauguza yeye mwenyewe, na riwaya zikaendelea kutoka. Anthony anakumbuka chupa za daktari na chupa za wino zikiwa na heshima sawa katika vyumba vya mama yake. Henry alikufa Desemba 1834, baba mwaka uliofuata, Emily mwanzoni mwa 1836. Mama aliendelea kuandika mpaka alipokuwa na miaka 76, na kwa hesabu ya mwanawe alitoa juzuu 114.

Anthony anasema hajawahi kumwona mtu mwingine anayeweza kujigawa nusu mbili namna ile, akili ikabaki safi huku moyo unauguza. Ni sifa kubwa, na imetoka kwa mtu mkweli. Lakini aliyekaa kwenye kiti kile anajua akili haibaki safi. Inatumika ilivyo. Hadithi yangu ya kipindi kile ilikuwa na mama mkwe mkorofi, nami nilimwanza kabla ya kiharusi, kwa ajili ya kuchekesha tu. Nilivyoendelea kumwosha na kumlisha mama wa kweli, yule wa gazetini akaanza kukataa ukorofi. Akaanza kunyamaza mahali nilipompangia matusi. Wasomaji wakalalamika kwenye ujumbe wa simu: mbona bibi kapoa?

Kwa Trollope ilikuwa kinyume. Siku moja akiwa kwenye klabu ya Athenaeum, London, aliwasikia mapadri wawili wakimteta kwamba anarudisha wahusika walewale, hasa Bi. Proudie, mke wa askofu, mwanamke anayemtawala mumewe na dayosisi nzima. Akainuka, akajitambulisha, akawaambia anakwenda nyumbani na wiki haitaisha kabla hajamuua. Na akamuua. Baadaye anakiri kwamba alijuta nyakati nyingine, na kwamba bado anaishi na kivuli cha mama yule.

Mume wangu alikuwa akimsomea mama yake gazeti kila Jumapili. Mama alikuwa ameanza kurudiwa na maneno, machache, yanatoka kwa kusukumwa. Siku moja baada ya sehemu ya yule bibi, alinyoosha kidole cha mkono wa kushoto kwangu.

"Mimi huyo?"

"Hapana, mama. Huyo ni wa kutunga tu."

Akafikiri. "Muongezee... mdomo."

Sehemu iliyofuata nilimrudishia bibi ulimi wake wote, na barua za wasomaji zikarudi kuwa tamu.

Kuhusu kahawa, nilizungumza na binti anayetusaidia kazi za nyumbani. Nilimweleza kwamba yeye akichukua uji na mgonjwa wa alfajiri, mimi napata saa nzima, na saa hiyo ina malipo kutoka gazetini, kwa hiyo sehemu ya malipo hayo ni yake. Nilitaja kiasi. Alisikiliza, akanyamaza, kisha akasema, "Dada, hela nashukuru. Ila ningependa jioni niende kwa fundi nijifunze cherehani." Tukapatana vyote viwili, hela kidogo na jioni tatu kwa wiki. Maana yake jioni hizo jiko likawa langu, na robo saa zangu za jioni zikafa. Nilifanya biashara ya saa kwa saa, na mpaka leo naona nilifaidika.

Mwishoni mwa tawasifu yake Trollope ameweka orodha ya vitabu vyake vya mpaka wakati ule na fedha alizopata kwa kila kimoja, jumla pauni 68,939, shilingi 17 na peni 5. Wasomaji wa wakati ule walikunja uso, na heshima yake ikashuka kwa miaka mingi: mtunzi gani anahesabu kama muuza duka? Mimi orodha ile naipenda. Mhariri anaponiambia niandike kwa ajili ya jina kwanza, hela zitafuata, huwa naikumbuka, na huwa nauliza zitafuata tarehe ngapi.

Ila nikaitazama tena nikaona safu moja hamna. Hamna Rose aliyenakili, hamna mzee wa kahawa na pauni zake 5. Kwenye daftari langu niliongeza safu hiyo baada ya ile ya maneno: nani alishika nyumba. Naandika dada, mkwe mdogo, jirani, wakati mwingine mwanangu mkubwa ambaye anajua kugeuza bibi yake vizuri kuliko mimi.

Mume wangu aliliona daftari mezani akalifungua, akidhani ni la matumizi ya nyumbani. Alisoma kurasa kadhaa akiwa amesimama.

"Mbona mimi nimo mara mbili tu mwezi mzima?"

Nikamwambia ahesabu mwenyewe. Akahesabu. Siku hizi uji wa Jumamosi ni wake, una mabonge, na mama anaunywa wote kwa sababu ni wa mwanawe.